Je, wajua kwa nini baadhi ya juhudi za kupinga ubaguzi wa rangi huzidisha mgawanyiko?

Kila ubaguzi wa rangi unapojadiliwa, hutokea wa kusema kwamba watu wangeacha kutajataja rangi, chuki ingeisha yenyewe. Siasa za utambulisho, yaani watu kuungana na kudai haki kama kundi linalonyanyaswa, ndizo hubebeshwa lawama.

Lawama hiyo ina chembe ya ukweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Uingereza, mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule kwa vigezo visivyo na maana, kama vile nani kapenda picha za mchoraji gani, kisha akawaachia wagawie wenzao pesa bila kujua majina yao. Wengi walipendelea kundi lao. Wengine walikuwa radhi kundi lao lipate kidogo, mradi lile jingine lipate pungufu zaidi ya lao.

Lakini makundi ya rangi hayakuundwa na wanaopinga ubaguzi. Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1950 ndiyo iliyomwandikisha kila mkazi kwa rangi yake. Kunyamaza hakufuti matokeo ya sheria kama hiyo, hunyima tu watu kipimo. Ufaransa, kwa mfano, haihesabu raia wake kwa rangi, hivyo watafiti wanaotaka kujua kama waajiri wanabagua hulazimika kutuma maombi ya kazi yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa jina, linaloashiria asili ya mtu.

Tena, mgawanyiko kuonekana si sawa na mgawanyiko kuongezeka. Shirika la Gallup lilipowauliza Wamarekani mwaka 1958, ni asilimia 4 tu waliokubali ndoa kati ya weusi na weupe. Mwaka 2021 walifika asilimia 94, na mwaka huohuo asilimia 42 tu walisema uhusiano wa weusi na weupe ni mzuri. Malalamiko yaliyokuwa yakimezwa sasa yanasemwa, na wengi wanayasikia kwa mara ya kwanza.

Panapoharibika kweli ni kwenye utekelezaji. Wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev walichunguza mamia ya makampuni ya Marekani na kukuta kwamba, miaka mitano baada ya mafunzo ya lazima ya kupinga ubaguzi kuanzishwa, uwiano wa wanawake weusi kati ya mameneja ulikuwa umepungua kwa wastani wa asilimia 9. Mtu akiburutwa darasani na kutishwa kwa kesi za mahakamani, hukataa hata lile ambalo angelikubali kwa hiari. Mipango ya kumpa mfanyakazi mlezi wa kikazi ilifanya vizuri zaidi, maana meneja hushiriki mwenyewe na huona juhudi za yule anayemlea.

Njia ya mwanasaikolojia Elliot Aronson ndiyo inayostahili kuigwa. Mwaka 1971, shule za Austin, Texas, zilipoanza kuchanganya wanafunzi wa rangi mbalimbali, ugomvi ulizuka. Badala ya kuwahubiria watoto, alibadilisha namna ya kusoma. Darasa hugawanywa katika vikundi vya watoto watano au sita waliochanganyika, na mwalimu ndiye anayepanga, kwa kuwa wakijichagulia watarudi kwa marafiki zao. Somo hukatwa vipande, kila mtoto akapewa kimoja. Kwanza hukutana na wenye kipande kama chake kutoka vikundi vingine ili wakielewe vizuri, kisha hurudi kuwafundisha wenzake. Mtihani hufanywa na kila mmoja peke yake, juu ya somo zima.

Tatizo la kawaida ni mtoto mwenye kigugumizi au lugha ngeni kuzomewa. Hapo mwalimu hakemei, huwakumbusha tu kwamba kipande hicho kimo katika mtihani na aliye nacho ni huyo mmoja. Wakigundua hivyo huanza kumuuliza maswali yatakayomsaidia kueleza. Anayetawala mazungumzo hudhibitiwa kwa uongozi wa zamu. Baada ya wiki chache chuki ilipungua, watoto walijiamini zaidi, na waliotoka jamii za wachache walifanya mitihani vizuri kuliko wenzao wa madarasa ya kawaida.