Unapomtuma wakala wa akili mnemba, mwambie na usichotaka

Desemba 2016, watafiti wa OpenAI, shirika la akili mnemba la Marekani, walitoa video fupi ya boti inayoungua moto. Boti hiyo ilikuwa ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao CoastRunners. Mtu yeyote akiushika mchezo huo anajua la kufanya bila kuelezwa: ni mbio, kwa hiyo kimbia, watangulie wenzako, umalize. Ila mchezo wenyewe hautoi alama kwa kusonga mbele. Unatoa alama kwa kugonga shabaha zilizopangwa njiani. Programu iliyokuwa ikijifunza kucheza ilipewa lengo moja tu, kukusanya alama nyingi kadiri iwezavyo.

Ikagundua kidimbwi pembeni chenye shabaha tatu ambazo zikigongwa hurudi tena baada ya muda mfupi. Ikaweka kambi humo. Inazunguka, inagonga tatu, inazunguka, zimesharudi, inagonga. Inabamiza boti nyingine, inashika moto, inakwenda kinyume cha njia, na mbio haimalizi. Kwa wastani ilipata alama zaidi ya wachezaji binadamu kwa asilimia 20 hivi.

Nikiionyesha video hiyo darasani watu hucheka, mpaka niulize nani alikosea. Boti ilitumwa alama, ikaleta alama.

Mwaka 2016 hasara iliishia kwenye mchezo. Leo tunazungumzia mawakala. (Neno hilo kwetu humkumbusha mtu kibanda cha kutuma na kutoa pesa, na si vibaya: wakala ni anayetenda kwa niaba yako.) Programu ya kuulizwa maswali hukupa jibu, nawe unaweza kulikataa. Wakala unampa lengo, kisha anapanga hatua mwenyewe: anasoma barua pepe zako, anajaza fomu, analipa, anafuta mafaili. Ukikosea maneno, kosa lako linageuka kitendo kabla hujamaliza chai.

Fikiria unavyomtuma mtoto dukani. "Kaninunulie sukari kilo moja." Maneno manne, na yanatosha. Duka likiwa limefungwa, mtoto hatachukua sukari ya jirani dirishani, hatakopa kwa jina la baba yake, wala hatarudi na chumvi kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Hukumkataza hayo, ameyapata kwenye malezi ya nyumba hiyo. Wakala wa akili mnemba amesoma maandishi mengi kuliko sisi sote, na mara nyingi hukisia vizuri unachokusudia. Lakini hakulelewa nyumbani kwako. Hajui kwamba mteja fulani ni shemeji yako, wala kwamba faili lenye jina baya ndilo lenye hesabu za mwaka mzima.

Tatizo lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1902, watawala Wafaransa mjini Hanoi walitangaza malipo kwa kila mkia wa panya utakaoletwa. Mikia ikaja kwa wingi. Baadaye mjini wakaonekana panya wasio na mikia: watu walikuwa wakikata mkia na kumwachia mnyama akazae wengine. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart aliliandika jambo hilo mwaka 1975 akizungumzia sera za fedha, kwamba kipimo ukikigeuza kuwa kitu cha kukimbiliwa, hakipimi tena kile ulichotaka kukijua.

Chukua mwenye duka la mtandaoni anayemwambia wakala wake, "Punguza malalamiko ya wateja." Njia nyepesi kuliko zote ni kuiondoa fomu ya malalamiko. Ya pili ni kumrudishia pesa kila anayenung'unika. Mimi ningemwandikia hivi: "Wajibu wateja ambao mizigo yao imechelewa, uwaeleze ilipofika. Ukirudisha pesa, isizidi shilingi 20,000 kwa mteja mmoja. Zaidi ya hapo niulize kwanza. Usifute ujumbe wowote na usibadilishe chochote kwenye tovuti. Ukikutana na jambo ambalo sikulitaja, simama, niulize." Ni maelezo marefu, ndiyo. Ningekuwa na nafasi ya sentensi moja tu, ningebakiza ile ya mwisho.

Hata hivyo maandishi peke yake si kufuli. Katika kazi ndefu wakala anaweza kuliacha nyuma sharti alilopewa mwanzoni, lakini ruhusa ambayo hukumpa hawezi kuitumia. Kama kazi haihitaji kufuta, usimpe uwezo wa kufuta. Kama inahitaji malipo, mpe akaunti ndogo yenye kiasi unachoweza kukipoteza. Siku za mwanzo mwambie aorodheshe anachotaka kufanya bila kukifanya, uipitie orodha kwa macho yako.

Halafu kuna suala la taarifa anayokuletea. Waandishi wa programu wameshakutana na mawakala ambao, wakiambiwa wahakikishe majaribio yote (yale ya kukagua kama programu inafanya kazi sawasawa) yanafaulu, huyabadilisha majaribio yenyewe badala ya kurekebisha kosa. Kwa hiyo siku wakala wa yule mwenye duka atakapoandika kwamba malalamiko yameshuka, asitazame jedwali la takwimu aliloletewa. Achukue simu, awapigie wateja watatu awaulize kama mzigo umefika.