"Tumwangalie Kwanza": Mzazi Anapoishi Bila Jina la Tatizo la Mtoto

Maneno "tumwangalie kwanza" humtoka daktari kwa wepesi sana. Anayasema, anayaandika kwenye faili, anamwita mgonjwa anayefuata. Mzazi ndiye anayetoka nayo mlangoni. Amengoja miezi kupata nafasi, amekariri maswali yake njia nzima, na sasa anarudi nyumbani na mtoto yule yule na swali lile lile. Wengi hudhani moja kati ya mawili: ama daktari anajua ila anaficha, ama hajui kazi yake. Kwa niliyoyaona katika kazi yangu na watoto wenye matatizo ya ukuaji na ya ubongo, mara nyingi si hili wala lile. Ila kosa la kutolieleza ni letu sisi wataalamu, basi nijaribu kulieleza hapa.

Mfupa ukivunjika, picha itaonyesha. Upungufu wa damu utaonekana kwenye tone la damu. Usonji, yaani autism, hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya ubongo. Hutambuliwa kwa kumtazama mtoto: anavyocheza, anavyokuangalia au kutokukuangalia, anavyoomba kitu, anavyopokea mabadiliko; na kwa kumsikiliza mzazi akisimulia toka mwanzo. Ndivyo ilivyo pia kwa tatizo la kukosa umakini na utulivu, lile ambalo hospitalini huitwa ADHD. Hakuna mashine yake.

Jambo ambalo wazazi hawaambiwi ni kwamba muda umo ndani ya vigezo vyenyewe. Ili mtoto asemwe ana ADHD, dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane zaidi ya mahali pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Mtoto anayewashinda walimu lakini nyumbani ametulia hajatimiza kigezo, na pengine tatizo liko kwingine: haoni ubaoni, haelewi somo, au anaonewa na wenzake. Chukua na ugonjwa wa Tourette, ambapo mtoto hupepesa macho, hutingisha bega, huguna au husafisha koo bila kukusudia. Jina hilo halitolewi mpaka mwaka upite, kwa sababu kwa watoto wengi mikunyato ya namna hiyo huja na kuondoka yenyewe. Kifafa nacho kwa kawaida huhitaji mishtuko miwili iliyopishana zaidi ya saa 24, isiyoletwa na homa au chanzo kingine cha wakati ule. Aliyeanguka mara moja huenda asianguke tena maishani. Na mtoto wa chini ya miaka 5 aliye nyuma katika mambo mengi mara nyingi huandikiwa "kuchelewa kwa ukuaji kwa ujumla", jina la kungojea, kwa kuwa vipimo vya akili katika umri huo havitabiri vizuri atakavyokuwa baadaye.

Kwa hiyo daktari anayesema "bado" anaweza kuwa anafuata kanuni barabara. Anayekupa jina zito ndani ya dakika kumi, huyo ndiye wa kumtilia shaka kidogo.

Wazazi huniuliza: mbona kichwa kisipimwe tu? Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, kilianza na Hans Berger huko Ujerumani mwaka 1924, na mpaka leo kina faida kubwa. Lakini hunasa yanayotokea katika muda ule mfupi ambao nyaya zimebandikwa kichwani. Mtoto mwenye kifafa anaweza kupimwa mara ya kwanza na karatasi ikatoka safi kabisa, na wapo watoto wasiowahi kuanguka hata siku moja ambao karatasi zao zina mawimbi yasiyo ya kawaida. Matokeo safi hayafungi mjadala, wala yasiyo safi hayaufungi.

Majina yenyewe nayo husogea. Daktari Leo Kanner alieleza usonji mwaka 1943 kupitia watoto 11 tu. Kwa miaka mingi jina la Asperger, walilopewa wenye dalili za usonji ambao hawakuchelewa kusema, lilisimama peke yake, na mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukaliingiza ndani ya usonji. Mwongozo huo, kabla ya mwaka huo, haukuruhusu mtoto mmoja kuandikiwa usonji na ADHD kwa pamoja. Leo tunajua kwamba mambo hayo mawili hukutana mara nyingi sana. Daktari Andreas Rett aliwaeleza mwaka 1966 wasichana waliokua vizuri kisha wakapoteza maneno na matumizi ya mikono, na jeni inayohusika ikapatikana mwaka 1999. Katikati ya miaka hiyo, wapo waliohesabiwa kuwa na usonji. Ukiambiwa jina moja mwaka huu na jingine miaka mitatu baadaye, si lazima daktari wa kwanza awe alikosea.

Pasipo na nafasi ya kungoja

Hata hivyo, subira ina mipaka yake, na hapa nitasema bila kupindapinda.

Mwaka 1841 daktari Mwingereza, William West, aliliandikia jarida la kitabibu la Lancet barua kuhusu mwanawe mwenyewe. Mtoto, akiwa na miezi michache tu, alianza kuinamisha kichwa ghafla, akainuka, akainama tena, mara nyingi mfululizo. Kumbe mishtuko hiyo tayari ilikuwa imepewa jina la "salaam", kwa kuwa ilifanana na mtu anayesalimia kwa kuinama. West alikuwa ameshajaribu tiba zote za zama zake, na barua yake ilikuwa ya kuwauliza wenzake kama kuna aliyeona kitu kama hicho. Kila nikiifikiria barua hiyo namwona baba kwanza, daktari baadaye. Leo mishtuko hiyo ina matibabu, na kila wiki inayopita bila matibabu humgharimu mtoto. Kwa mtazamaji huonekana kama mtoto ameshtuka au tumbo linamuuma. Mtoto mchanga anayejikunja hivyo kwa mfululizo, hasa akiwa ndio anaamka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na video ikiwa mkononi.

Mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno na sasa hana, au aliyekuwa anatembea na sasa anaanguka, naye si wa "tumwangalie". Kupoteza alichokuwa nacho si sawa na kuchelewa kukipata. Mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka achunguzwe pia. Watu husifu kwamba ni mashoto, lakini katika umri huo mara nyingi mkono wa pili ndio wenye shida. Mshtuko unaopita dakika 5 ni dharura. Na asiyebwabwaja akiwa na miezi 12, asiye na neno hata moja akiwa na miezi 16, au asiyeunganisha maneno mawili akifika miaka 2, anastahili kuonwa na mtaalamu, hata kama bibi anaapa kwamba baba yake naye alichelewa kusema. Bibi anaweza kuwa anasema kweli, maana kuchelewa kusema hurithiwa katika baadhi ya koo. Hilo halimzuii mtoto kupimwa masikio.

Masikio ndiyo ninayoyasisitiza kuliko yote. Mtoto asiyeitika akiitwa apimwe usikivu kabla ya jambo jingine, hata kama alipimwa siku aliyozaliwa akaonekana mzima, kwa sababu usikivu unaweza kupungua baadaye, au maji yakajaa nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara. Vivyo hivyo, mtoto asiyetulia darasani aulizwe usingizi wake: anakoroma? Anaamka amechoka? Upungufu wa madini ya chuma nao huvuruga umakini. Na anayeganda sekunde chache katikati ya sentensi, macho wazi, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, huenda ni kifafa cha kutoweka fahamu kwa muda mfupi na wala si uzembe. Huyo jina linamhusu sana, maana baadhi ya dawa za kifafa huweza kuizidisha aina hiyo.

Lakini palipo na hitaji linaloonekana, msaada uanze. Mtoto asiyesema anahitaji mtaalamu wa lugha na matamshi, awe ana usonji au hana. Asiyeweza kushika penseli anahitaji mtu wa kuuzoesha mkono wake. Mwenye hasira za kubiringika chini anahitaji ratiba inayotabirika, maagizo mafupi, na mzazi aliyefundishwa namna ya kuitikia. Kwa mambo haya hakuna haja ya kungoja cheti. Nakiri kwamba kuna shule na huduma ambazo bila karatasi hazifungui mlango. Basi omba barua inayoeleza mahitaji ya mtoto kama yanavyoonekana leo, na iandikwe wazi kwamba uchunguzi unaendelea. Wataalamu wengi huwa tayari kuiandika, ila ni wachache wanaoikumbuka bila kuombwa.

Huku nyumbani

Daktari humwona mtoto kwa nusu saa, wewe unakaa naye siku nzima, kwa hiyo andika. Si shajara ndefu, mistari miwili inatosha: tarehe, kilichotokea, kilichotangulia, kilichukua muda gani, na baada ya hapo mtoto alikuwaje. Chukua video, hata ikitikisika. Nimewahi kuona swali lililozunguka miezi likipata jibu kwa video ya sekunde 20 iliyokuwa kwenye simu ya mzazi muda wote, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia aionyeshe. Mwombe na mwalimu aandike ya kwake. Maelezo yenu yakitofautiana, msiyasawazishe. Tofauti hiyo yenyewe inatusaidia.

Kuna na yale ya moyoni. Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani aliyefanya utafiti na familia za wanajeshi waliopotea vitani, alieleza aina ya majonzi yasiyo na msiba: aliyepotea hajafa, lakini hayupo, na familia haijui ilie au ingoje. Baadaye wazo hilo lilivuka na kuwagusa wanaoishi na mgonjwa ambaye mwili wake upo ilhali hali yake haieleweki. Wazazi wengi ninaowaona huitambua hali hiyo papo hapo. Mtoto yuko mbele yao anacheka, nao wanamlilia mtoto ambaye hata hawajui kama wamempoteza, kisha wanajionea haya. Hakuna haya hapo.

Lawama nayo haikosi. Kulikuwa na wakati, katikati ya karne ya 20, wataalamu walipodai kwamba usonji huletwa na mama mwenye moyo wa barafu. Mmoja wa waliolipinga dai hilo mapema ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe alikuwa na usonji, na dai lile halikusimama. Mwaka 1998 ikaja tuhuma kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huleta usonji, kutokana na utafiti wa watoto 12. Jarida lililouchapisha liliufuta mwaka 2010. Kwa hiyo mama asijihukumu kwa kumpeleka mtoto chanjo, wala kwa kurudi kazini, wala kwa kumpenda pungufu, jambo ambalo hata hakulifanya.

Ninachokiogopa zaidi katika kipindi hiki ni watu wenye uhakika. Sisi tunasema "bado", wao wanasema "njoo, tunaponya". Usiku wa manane, mtoto amelala na simu iko mkononi, maneno hayo huingia vizuri mno. Kuna wanaouza dawa za kuondoa madini mwilini. Mwaka 2005 huko Marekani mtoto mwenye usonji alifariki kwa matibabu ya namna hiyo. Kuna wanaowanywesha watoto kemikali za kung'arishia nguo. Mtu akikuahidi kuponya kitu ambacho bado hakijajulikana ni nini, swali la kwanza la kumuuliza ni amekijuaje.

Baba na mama mara nyingi hawaendi mwendo mmoja. Mmoja anatafuta wataalamu kila kona, mwenzake anasema mtoto hana kitu, mwacheni akue. Usiku huo mmoja humwona mwenzake hajali, na huyo wa pili humwona wa kwanza ana kiherehere. Nikiwakalisha pamoja, hofu yao hutoka ni moja. Kinachosaidia ni kuacha kubishania jina na kukubaliana juu ya jambo moja la wiki hii, kama vile kumpeleka mtoto akapimwe masikio. Ndugu na majirani wakiuliza, jibu fupi latosha: "Anafanyiwa uchunguzi, tukijua tutawaambia." Huna deni la maelezo zaidi ya hapo. Ndugu zake wadogo na wakubwa, wao waambiwe ukweli kwa kipimo cha umri wao, maana wameshaona kila kitu.

Ukirudi kliniki na kuambiwa tena "tumwangalie", usinyanyuke upesi. Uliza daktari anadhani ni nini kwa sasa, na ni yapi ameshayaondoa. Uliza ni jambo gani likionekana litamfanya abadili mawazo. Uliza dalili ipi ikitokea urudi kabla ya siku yako. Kisha mpe kadi ya mtoto aandike tarehe ya kurudi, kwa kalamu, ukiwa bado umekaa kwenye kiti.