Tufaha pori (jamii za tufaha za porini, zenye matunda madogo, machachu): yanayosemwa Njombe na Makete, na ukweli wake

“Panda mbegu ya tufaha tamu, utavuna tufaha tamu.”
Hapana. Ua la mtufaha kwa kawaida hukataa chavua ya aina yake, hivyo karibu kila mbegu ni chotara. Mbegu ya Anna, aina ya tufaha ya shambani, mara nyingi huzaa matunda madogo, machachu. Ila mti huo usiung'oe, ni shina zuri la kubebeshea, yaani kuunganishia kikonyo (kijiti) cha mtufaha unaoutaka. Changanya mbegu na mchanga wenye unyevu, ambao ukiukamua haudondoshi maji. Ukilowa sana mbegu huoza. Weka kwenye friji, si friza, siku 60 hadi 90, kisha otesha. Shina likifika unene wa penseli, bebesha Julai au Agosti mti ukiwa umelala. Kata mshazari wa sentimita 3 hadi 4, funga nailoni kwa kukaza. Vikonyo vingi hufa hapa: kikonyo chembamba huwekwa katikati ya shina nene, na utando wa kijani ulio chini ya gome haugusani. Kisogeze pembeni, upande mmoja ulingane.

“Bebesha juu ya mpera, hauna matatizo.”
Mpera ni ukoo wa mkarafuu, kama lilivyo tufaha jekundu la Zanzibar. Kikonyo kitabaki kibichi kwa muda kwa akiba yake, halafu kikauke. Hata mpeasi, ambao kweli ni ndugu, usiutumie. Mtufaha ubebeshwe kwa mtufaha.

“Tufaha pori ni la misitu yetu.”
Asili yake ni kaskazini ya dunia. Babu mkuu wa tufaha la dukani ni *Malus sieversii* wa milima ya Tian Shan, Kazakhstan. *Malus sylvestris* wa Ulaya alichanganyika naye baadaye.

“Lina sumu.”
Nyama yake ni chachu tu, na ina pektini nyingi ya kugandisha jamu. Mbegu ndizo zisitafunwe.

“Chavua yake itachachusha Anna.”
Chavua hubadilisha mbegu. Nyama ya tunda ni ya mti mama. Tatizo halisi ni wakati. Tufaha pori nyingi zimezoea baridi ndefu, na hapa huchelewa kuchanua, Anna ikiwa imeshamaliza maua. Kwa shamba la Makete, Dorsett Golden, aina nyingine ya tufaha, ni chaguo la uhakika zaidi la kuipa Anna chavua.

“Haliugui.”
Inategemea aina. *Malus floribunda*, mojawapo ya tufaha pori, ndiyo iliyowapa wazalishaji wa aina mpya za tufaha kinga dhidi ya kuvu wa madoa meusi, *Venturia inaequalis*, na baadhi ya kuvu hao wameshaishinda kinga hiyo. Majani yaliyoanguka yafagiwe na kuchomwa hata chini ya tufaha pori.