Pesa ya Kutafuta Mtoto Huishia Wapi? Dhana Zinazotugharimu Mombasa

Nina daftari lenye jalada la bluu. Ndani yake niliandika kila shilingi tuliyotumia mimi na mume wangu kutafuta mtoto, tangu mwaka wa pili wa ndoa yetu hapa Mishomoroni. Mkandaji. Dawa ya chango. Nauli ya kwenda Msambweni kwa mzee aliyesifiwa sana. Skani tatu katika zahanati tatu. Kusafishwa kizazi mara mbili. Mwaka wa nne nilipojumlisha nikapata shilingi 214,000. Katika kurasa zote hizo hapakuwa na mstari hata mmoja wa kipimo cha mume wangu.

Tunasema matibabu ya uzazi yametushinda kwa bei, na ni kweli mengine ni ghali. Lakini nimeona kwangu na kwa wenzangu kwamba pesa ndogo tuliyo nayo huliwa na maneno ya mitaani kabla haijafika kwenye tiba. Haya ndiyo maneno yenyewe.

“Mwanamke ndiye hazai”

Hakuna dhana ghali kuliko hii. Katika takriban nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto, tatizo liko pia upande wa mwanamume, ama peke yake ama pamoja na la mke. Kupima mbegu hakuna sindano wala kisu, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na picha ya mirija anayotumwa mwanamke. Bado ndicho kipimo kinachoachwa mwisho, kwa sababu tumechanganya nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha. Mtu anaweza kuwa hodari chumbani na shahawa zake zisiwe na mbegu hata moja. Hilo halijulikani kwa macho, hujulikana kwa darubini.

Mume wangu alikubali baada ya kaka yake kumwambia faraghani kwamba naye aliwahi kupimwa. Tuliambiwa ajizuie siku tatu, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja bila kupoa. Maabara ilikuwa mjini, upande wa Mwembe Tayari. Alikibana kile kikopo kwapani chini ya shati, tukapanda tuktuk. Kufika daraja la Nyali, magari yamesimama. Nikamwona anatazama saa, mkono ameubana ubavuni, jasho linamtiririka, naye ni mtu asiyependa hata kupimwa presha. Tulifika zikiwa zimebaki dakika nane. Sijui kama nimewahi kumpenda kuliko siku ile.

Karatasi ilisema milioni 6 kwa mililita. Kiwango cha chini cha marejeo kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ni milioni 16. Daktari hakukata shauri kwa karatasi moja. Alitaka kipimo cha pili baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa, na homa kali ya wiki zilizopita inaweza kuzishusha. Alipompima kwa mikono akakuta mishipa ya korodani imevimba, kitu kinachoitwa varikoseli, ambacho hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Na mimi miaka yote hiyo nakandwa tumbo.

“Ni chango, kizazi kisafishwe”

Sitawadharau wakandaji. Bibi yangu alikuwa mmoja wao, na mikono yake yenye mafuta ya nazi ilituliza wanawake wengi waliokuwa hawalali usiku. Ila mkono juu ya tumbo hauzibui mirija. Mirija huziba kwa makovu, na mengi hutokana na klamidia au kisonono kilichokaa mwilini bila dalili, maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika, na wakati mwingine kifua kikuu kilichoingia kwenye viungo vya uzazi. Klamidia na kisonono vinatibika kwa antibayotiki vikiwahiwa. Mke na mume watibiwe pamoja, la sivyo wataambukizana tena.

Kusafisha nako kuna hatari yake. Kizazi kisicho na mabaki ya mimba hakipati faida yoyote kwa kukwanguliwa, na kikikwanguliwa mara kwa mara kinaweza kufanya makovu ndani, kuta zikashikamana. Mimi nilifanyiwa mara mbili bila kuonyeshwa sababu iliyoandikwa mahali. Leo nikiambiwa hivyo ningeuliza: kuna nini ndani, na nani amekiona kwenye skani?

“Sindano za uzazi wa mpango zilimharibu”

Sindano ya miezi mitatu huchelewesha, haiharibu. Wengi hushika mimba takriban miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wengine hukawia zaidi. Vidonge na kitanzi havina ucheleweshaji wa maana. Mama mkwe anayehesabu miezi kwa vidole aelezwe hilo kwa heshima, na mume ndiye wa kumweleza.

“Mwaka umepita, basi tuna kasoro”

Madaktari huanza kutafuta sababu baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, au miezi 6 ikiwa mke amevuka miaka 35. Lakini mji wetu ni wa mabaharia, madereva wa malori ya Malaba, na wake waliokwenda Saudia kutafuta riziki. Siku ambazo mimba inaweza kutunga ni kama sita tu katika kila mzunguko: siku yai linapotoka na zile tano kabla yake. Mume akirudi nyumbani siku nne kwa mwezi, miaka miwili ya ndoa inaweza kuwa na miezi michache tu ya kujaribu. Kabla ya kulipia chochote, kaeni chini mhesabu miezi mliyokuwa pamoja. Ila kama hedhi haieleweki, au kuna maumivu makali ya nyonga, msingoje mwaka uishe.

“Dini hairuhusu”

Wengi hulisema bila kuuliza. Al-Azhar, taasisi kubwa ya Kiislamu huko Misri, ilitoa fatwa mwaka 1980 kwamba kutungisha mimba maabara, yaani IVF, kunaruhusiwa kwa mke na mume walio ndani ya ndoa, kwa yai na mbegu zao wenyewe, bila mtu wa tatu. Kanisa Katoliki liliikataa njia hiyo katika waraka wake wa mwaka 1987, lakini halikatazi mtu kupimwa, kutibiwa maambukizi au kufanyiwa upasuaji wa kurekebisha. Muulize sheikh au padri wako swali mahususi, na umtajie matibabu yenyewe.

“Dawa ni IVF tu, na IVF ni ya matajiri”

IVF ni ghali, sitaficha. Bei inayotajwa sana nchini ni laki nne kwenda juu kwa mzunguko mmoja, na mzunguko mmoja si ahadi ya mtoto. Hata kwa wanawake walio chini ya miaka 35, katika nchi zenye vifaa vyote, kila kiinitete (yai lililokwisha kurutubishwa) kinachopandikizwa kina nafasi ya karibu theluthi moja ya kuzaliwa mtoto, na umri ukipanda nafasi hushuka. Atakayekuambia ni uhakika anakuuzia.

Lakini wengi hawahitaji kufika huko. Mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki anaweza kuanza na vidonge vya klomifeni au letrozoli, dawa za siku tano ambazo bei yake haifanani hata kidogo na ya IVF. Kwa wenye PCOS, hali ya homoni inayozuia mayai kupevuka sawasawa, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha letrozoli ikileta watoto wengi zaidi. Dawa hizi zitumike chini ya daktari na skani, zisinunuliwe kaunta kwa ushauri wa shoga yako. Kuna pia kuwekewa mbegu moja kwa moja kizazini, ambayo ni nafuu kwa mbali kuliko IVF, mradi mirija iwe wazi.

Sisi tulipitia njia hiyo. Mume wangu alifanyiwa upasuaji, tukasubiri mbegu zipande, na jaribio la pili la kuwekewa ndilo lililotupa binti yetu.

Kwa anayehitaji IVF hasa, gharama nyingine hupunguzika. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hii, alizaliwa Uingereza mwaka 1978 kutokana na yai moja, bila sindano za kuchochea mayai. Sindano hizo ni sehemu kubwa ya bili, kwa hiyo uliza kama kituo chako kinatoa uchocheaji wa kipimo kidogo, ukijua mayai yatakuwa machache. Hata maabara yenyewe inaweza kurahisishwa: huko Genk, Ubelgiji, daktari wa uzazi Willem Ombelet na wenzake walitunza viinitete kwenye vichupa vidogo, hewa inayohitajika ikitokana na asidi ya sitriki na magadi ya kuokea, na watoto wakazaliwa. Omba bei kwa maandishi, kila kitu na mstari wake: dawa, skani, kutoa mayai, maabara, kupandikiza, kugandisha. Waulize SHA, bima ya afya ya serikali, wanalipia nini, kabla na si baada ya kulipa. Na usishawishike kupandikiziwa viinitete vitatu ili kuokoa pesa. Mapacha watatu mara nyingi huzaliwa njiti, na kitanda cha watoto njiti kina bili yake.

Chama chetu cha wanawake kumi na wanane kimeanza kutoa mkopo wa matibabu ya uzazi. Mweka hazina ni mimi. Fomu tuliiandika wenyewe kwa mkono, na haipokelewi mpaka ibandikwe karatasi mbili za vipimo, ya mke na ya mume.