Saa, Beji na Nishani za Askari wa Australia: Dhana Potofu na Ukweli

Muuzaji hukosi kumsikia akisema saa yake ilikuwa Gallipoli, uwanja wa vita wa 1915 huko Uturuki. Kabla ya kutoa pesa, acha simulizi yake pembeni uangalie kifaa chenyewe: alama, namba, umbo la taji, namna mkanda ulivyoshikwa. Vitu hivyo vina tarehe, na tarehe zinajulikana.

Dhana: Kila askari wa Vita ya Kwanza alipewa saa ya mkono.

Hapana. Saa za mkono za 1914–1918 kwa sehemu kubwa zilikuwa mali binafsi. Afisa alijinunulia, au ndugu walimpa zawadi ya kumuaga, ndiyo maana hazifanani. Nyingi ni mashine ndogo ya saa ya mfukoni ndani ya kasha la mviringo, na vishikio vya waya vimelehemewa ubavuni. Mkanda hupita kwenye waya huo. Ukikuta pini za springi zinazochomoka, kuna uwezekano mkubwa kwamba saa ni ya baadaye au kasha limebadilishwa.

Uchache wa saa hizi haupunguzi uzito wake. Huko Nek, ukingo mwembamba wa mlima Gallipoli, alfajiri ya tarehe 7 Agosti 1915, mizinga ilinyamaza saa 10:23, dakika 7 kabla ya askari wa farasi, waliokuwa wakipigana kwa miguu, kutakiwa kutoka handakini saa 10:30. Waturuki wakapata muda wa kurudi kwenye bunduki zao. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba saa hazikuwa zimelinganishwa.

Dhana: Mshale kwenye kifuniko cha nyuma unathibitisha saa ni ya Australia.

Mshale peke yake ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na ilitumika kwingi. Alama ya idara ya ulinzi ya Australia ni mshale uliosimama katikati ya herufi mbili za D. Hata hiyo huchongwa na walaghai. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, ufuatilie mikwaruzo ya zamani. Mchongo wa kweli umechakaa pamoja na kasha, hivyo mikwaruzo hupita juu ya herufi na kingo zake zimelainika. Mchongo mpya hukata mikwaruzo, na ndani ya mfereji wake chuma bado kinang'aa.

Saa za kuanzia miaka ya 1960 huweza kuwa na namba ya bohari ya tarakimu 13. Nne za kwanza, 6645, ni kundi la vipima muda. Mbili zinazofuata ni nchi: 66 Australia, 99 Uingereza. Namba ya mtindo huo haiwezi kuwa ya Vita ya Pili.

Dhana: Saa ya W.W.W. ("Watch, Wrist, Waterproof", saa ya mkono isiyopitisha maji ya jeshi la Uingereza) ilivaliwa Tobruk, Libya.

Waaustralia walizingirwa Tobruk mwaka 1941. Saa za W.W.W., zilizotengenezwa Uswisi kwa ajili ya kampuni 12 zikiwemo Omega, Longines, IWC na Vertex, ziliwasilishwa mwaka 1945. Hakuna cha kujadili hapo.

Dhana: Rangi isiyong'aa tena gizani haina madhara.

Hili ndilo kosa linaloweza kumdhuru mtu. Kilichokufa ni salfaidi ya zinki, unga uliokuwa ukigeuza mionzi kuwa mwanga. Radiamu-226 yenyewe, elementi yenye mionzi iliyotiwa kwenye rangi hiyo, hupungua nusu kwa miaka 1,600, kwa hiyo saa ya 1916 bado ina karibu radiamu yake yote. Hatari kubwa ni vumbi, hasa likivutwa puani au kumezwa. Usifungue saa kwenye meza ya chakula, usikwangue namba, usipulize uso wa saa. Rangi ikianza kumeguka, iache ndani ya kioo chake, itie saa kwenye mfuko wa kufungika, na mwambie fundi saa mapema kwamba ina radiamu. Zikiwa nyingi, zisikae chumba cha kulala: hutoa gesi ya radoni, na kabati linahitaji hewa.

Hapohapo pana kipimo cha kumkamata mlaghai. Imulike saa kwa tochi sekunde 10, kisha zima taa. Rangi ya zamani hufifia mara moja; ikiendelea kung'aa kwa dakika kadhaa, imepakwa upya.

Dhana: Beji ya Jua Linalochomoza yenye neno "Australia" tu ni ya Anzac (askari wa Australia na New Zealand wa Vita ya Kwanza), na ing'arishwe.

Iliyovaliwa katika vita vyote viwili ni ya mwaka 1904, yenye utepe wa maneno "Australian Commonwealth Military Forces". Utepe wenye "Australia" pekee ulikuja mwaka 1969. Na beji nyingi za zamani zilitiwa weusi makusudi kiwandani. Ukizisugua kwa dawa ya shaba, unaondoa umalizio wake wa asili, na haurudi.

Dhana: Nishani za Vita ya Pili hazina majina.

Hiyo ni desturi ya Uingereza. Australia iligonga namba na jina la askari: nyuma ya nishani zenye umbo la nyota, na ukingoni mwa nishani za mviringo. Herufi ya kwanza ya namba ni jimbo: N New South Wales, V Victoria, Q Queensland. X inayofuata huonyesha aliyejiandikisha kutumika popote ng'ambo. Wengi hudhani asiye na X alibaki nyumbani. Si kweli, na ni kuwakosea heshima: Batalioni ya 39, ya wanamgambo, ilipigana Kokoda, Papua, mwaka 1942. Papua ilikuwa eneo lililotawaliwa na Australia, hivyo wangeweza kupelekwa.

Ukishapata namba, tafuta jina katika Hifadhi ya Taifa ya Australia. Majalada ya askari wa Vita ya Kwanza, mfululizo B2455, yanasomwa mtandaoni bure. Linganisha kikosi na tarehe na kile muuzaji anachodai.

Dhana: Medali ya Anzac yenye mtu na punda ilitolewa 1915.

Ilitolewa mwaka 1967.

Dhana: Ukinunua nishani, ni yako kuifanyia utakalo.

Sheria ya Ulinzi ya 1903 inakataza kuharibu au kuyeyusha nishani ya utumishi, na kuivaa kana kwamba ulitunukiwa wewe. Jamaa wa askari huivaa kifua cha kulia. Misalaba ya Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, iliyoorodheshwa chini ya sheria ya urithi ya 1986 haipewi kibali cha kuuzwa nje ya nchi kabisa.