Mkwaju unavumilia ukame, mche wake bado

Kila ifikapo Agosti simu za ofisini ni zilezile: "Afisa, mlituambia mkwaju hautaki maji, mbona wangu umekauka?" Hatukusema hivyo. Tulisema unavumilia ukame, na unaovumilia ni ule ulioshusha mzizi mkuu mbali ardhini. Mche uliopandwa Aprili 1, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, kiangazi cha Juni huukuta ungali mchanga, na kichanga cha Dar es Salaam hakishiki maji. Upe ndoo moja kila wiki, mbili jua likikaza, kwa viangazi viwili vya mwanzo. Mimina taratibu.

Hivi karibuni niling'oa mmoja uliokufa huko Kinyerezi. Ulikuwa bado umo ndani ya kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kuoteshea mche! Mizizi imejiviringisha kwenye nailoni, hakuna hata mmoja uliotoka. Chaneni viriba, jamani.

Usiupande bondeni maji yanakotuama, wala chini ya nyaya za umeme. Nyumba iwe mbali hatua kumi na zaidi, kwani mkwaju mkubwa hutandaza matawi kweli kweli, na kivuli chake ndicho tunachokitafuta.

Sasa suala la kukata. Mti ulio kwenye hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa pembeni uliotengwa kwa ajili ya barabara, si mali yako, hata kama uliupanda na kuumwagilia mwenyewe. Andika barua, ipitie kwa mtendaji wa mtaa, ifike kwa afisa misitu wa manispaa. Taja mti ulipo, idadi na sababu, ambatanisha picha. Mti utakaguliwa, kisha utajibiwa kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo, hata ikitoka kwa kiongozi, si kibali. Na kibali cha kukata hakiruhusu kusafirisha: magogo, kuni au mkaa vina kibali chake cha usafirishaji. Anayekiuka Sheria ya Misitu, Sura 323, anaweza kutozwa faini, kufungwa au vyote viwili, na mazao hayo ya misitu yakataifishwa. Kwa miti iliyo ndani ya uzio, sheria ndogo za manispaa hazifanani, hivyo uliza kwanza.

Wapo wanaoomba kukata kwa sababu mkwaju "una mashetani". Imani ya mtu tunaiheshimu. Lakini mkaguzi anaangalia shina lililooza, tawi linaloelemea paa, mzizi unaoinua ukuta. Andikeni hayo, kama yapo.