Phantom ya Uingereza si suala la kubadilisha nozeli

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu aliyefufua sanduku la modeli ya plastiki ya Phantom, ndege ya kivita ya Kimarekani, lililolala kabatini miaka: "Fundi, si nimebakiza kubandika nozeli (midomo ya nyuma ya injini) tu niwe na Phantom ya Waingereza?" Hapana. Umebakiza ndege nzima.

Waingereza walipoagiza F-4K na F-4M, matoleo yao ya Phantom, waliikataa J79, injini ya Phantom ya Marekani, wakataka Spey ya Rolls-Royce. Spey ni fupi ila ni nene, na inavuta hewa nyingi zaidi. Ndiyo maana kiwiliwili kilipanuliwa kama inchi 6, matundu ya hewa yakakuzwa kwa asilimia 20, na tumbo la nyuma likabadilika umbo. Nozeli ni kituo cha mwisho cha mabadiliko hayo yote.

Inchi 6 kwa kipimo cha 1/72 ni milimita 2 na kidogo, yaani milimita moja kila upande. Najua utasema nani ataiona milimita moja. Bandika nozeli pana ya resini kwenye kiwiliwili chembamba uone: ukingo unachomoza pande zote, na hakuna puti itakayouficha bila kuacha kitambi ambacho ndege halisi haina.

Wapo waliosikia habari ya inchi 6 wakapasua kiwiliwili katikati, pua hadi mkia, wakapachika ukanda wa plastiki. Hapo pua imenenepa na kioo cha rubani hakikai. Kipande cha bawa la chini, ambacho kwenye seti nyingi za Phantom kimeungana na tumbo, nacho hakitoshi. Wakikipasua hicho pia, mabawa yanarefuka, ilhali ndege halisi ilibaki na mita 11.7 zilezile za Phantom ya Marekani. Nyama inaongezwa mbavuni, kwenye injini na matundu ya hewa. Uti wa mgongo uache.

Na ile asilimia 20, jamani, ni ya eneo la tundu! Nimeletewa modeli yenye matundu yaliyokuzwa kwa asilimia 20 kimo, na asilimia 20 nyingine upana. Ilionekana kama imevimba mashavu. Kimo na upana vikikua kwa uwiano mmoja, kila kimoja kinaongezeka chini kidogo ya asilimia 10.

Kinachonisumbua mimi ni pale uvimbe wa mbavu unapofifia kuelekea mkia. Michoro niliyo nayo haikubaliani, na picha hupindishwa na lenzi. Kwa hiyo nachonga, napuliza praima (rangi ya msingi), natazama kutoka nyuma, nachonga tena. Jicho likiacha kulalamika nasema umbo limekaa sawa, ingawa huenda ni jicho lililochoka tu.

Kuhusu mradi uliolala: supagluu iliyotumika kuziba nyufa enzi hizo sasa ni ngumu kuliko plastiki iliyoizunguka. Ukiipitia kwa msasa uliokunjwa kidoleni, msasa unakula plastiki pembeni na gundi inabaki kama tuta. Ikwangue kwanza kwa wembe, kisha gandisha msasa kwenye kibao kigumu. Maungio ya gundi ya kuyeyusha usiyabanduebandue, maana plastiki imeshakuwa kitu kimoja. Tumia msumeno mwembamba. Dekali (stika za alama za ndege) zilizogeuka njano, karatasi yake ibandike kwenye kioo cha dirisha ipate jua, njano ipauke.

Mguu wa gurudumu la pua wa F-4K uliweza kurefuka inchi 40 kwa ajili ya kurushwa kutoka melini. Ukitaka kuuonyesha umenyooka wote, ongeza milimita 14. F-4M haihusiki na hilo.

Ndiyo, Airfix walitoa F-4K ya 1/72 mwaka 2017, na maumbo haya yote yamo. Ukitaka ndege ya kuweka rafuni, nunua hiyo ulale. Mimi napenda kukata.

Ila kabla hujashika msumeno, soma dekali zako. Kama ni za kikosi namba 74 cha jeshi la anga la Uingereza cha miaka ya 1980, acha kila kitu kilivyo. Hizo ni F-4J(UK), ndege 15 zilizonunuliwa kutoka kwa jeshi la majini la Marekani zikiwa na J79 zake na kiwiliwili chake chembamba. Nozeli zilizokuja na seti, zile ulizozitupa, ndizo zinazotakiwa.